Kuchonga samaki kwa ndala zilizookotwa ufukweni

Ndala zinazotupwa na bahari huchongeka, ila si kama mpingo. Sponji yake haina nyuzi za kufuata. Inabonyea chini ya kisu, kisha inarudi. Patasi na nyundo ziache kando. Kinachotakiwa ni kisu chembamba chenye makali ya wembe, kama cha fundi viatu, nawe ukivute kwa mikato mirefu badala ya kukisukuma. Ukiona sponji inachanika vipunje, kinoe.

Kwa mara ya kwanza, jaribu samaki wa sentimita 20 hivi. Tafuta ndala nne za mtu mzima zenye unene unaokaribiana, gundi ya viatu, brashi, na msasa namba 60, 120 na 240. Kabla ya yote, kata kipande cha kila ndala ukitie majini. Kinachozama ni plastiki au mpira mzito. Usikichanganye na sponji, maana msasa utakula sponji upesi na ile tabaka ngumu itabaki imetokeza kama mbavu.

Ng'oa kanda, sugua ndala kwa brashi na sabuni, suuza kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Punje moja ya mchanga iliyojificha inatosha kuharibu makali. Anika kivulini: jua kali huzikunja na kuzifanya zisinyae. Zikikauka, piga msasa namba 60 pande zote mbili hadi mistari ya soli na ngozi ya juu iliyochakaa zitoke. Zipange moja juu ya nyingine ziwe bonge moja. Kisigino kilicholiwa kigeuzie upande wa vidole vya ndala inayofuata, la sivyo bonge litainama upande mmoja.

Kazi nyingi huharibikia kwenye gundi. Paka nyuso zote mbili. Sponji hunywa mkono wa kwanza, kwa hiyo uache ukauke, kisha paka wa pili, mwembamba. Subiri dakika 10 hadi 15, na zaidi kukiwa na unyevu wa masika, halafu gusa kwa kifundo cha kidole: gundi isivute nyuzi. Ukiwahisha, mvuke unanaswa ndani na tabaka huachana wiki ya pili, mara nyingi wakati unachonga. Nyuso zikigusana hazisogezwi tena; weka karatasi kati yake, linganisha kingo, kisha ivute kidogo kidogo huku ukikandamiza. Bana kwa jiliwa bila kuikamua, uache saa 24. Fanya haya nje au dirishani, mbali na jiko. Mvuke wa gundi hiyo hulewesha na hushika moto.

Chora samaki anavyoonekana kwa ubavu, juu ya soli ya juu kabisa ya bonge. Tabaka zikilala hivyo, kila unapozungushia tumbo rangi za chini zitajitokeza kama duara ndani ya duara. Ukitaka milia iliyosimama, itabidi ukate vipande vifupi na kuvipanga kuanzia kichwa hadi mkia, na gundi italiwa zaidi. Tundu la ukanda liache liwe jicho, au lizibe kwa kijiti cha sponji ya rangi nyingine. Mkia ukiwa mwembamba kuliko sentimita moja utalegea. Penyeza waya ndani.

Mashine ya msasa iende polepole. Ikikimbia, sponji inayeyuka, inafanya utando unaong'aa na kuziba msasa. Vaa barakoa, na vumbi lifagie ulitie kwenye mfuko. Ukilimwagia maji linarudi baharini lilikotoka. Vanishi ngumu haifai, hupasuka sanamu ikibonyezwa. Osha kwa sabuni tu.

Kwa mnyama mkubwa, wengi hutia moyo wa povu jeupe gumu (styrofoam) la kufungashia friji ili kuokoa ndala. Gundi ya viatu inalila povu hilo papo hapo, likabaki shimo. Livike kwanza tabaka tatu za magazeti kwa gundi nyeupe ya mbao, zikauke kabisa, ndipo ubandike sponji.