Kusanifu Viunga vya Jengo la Sanaa za Maonyesho Chuoni

Jengo la sanaa za maonyesho hutofautiana na majengo mengine ya chuo kikuu kwa jambo moja ambalo wasanifu wa mandhari huligundua wakati miche imekwisha kupandwa: kazi yake haiishii mlangoni. Wapiga ngoma hutoka nje, wachezaji hutafuta kivuli cha kufanyia mazoezi, mapambo ya jukwaa hupakwa rangi uani, na watazamaji huanza kukusanyika muda mrefu kabla ya pazia kufunguliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuchora chochote, keti kiwanjani kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, uandike nani anatumia mahali gani na kwa sababu gani. Maelezo yanayofuata yanachukulia kiwanja cha Dar es Salaam, chenye mteremko kama ule wa Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Uamuzi wa kwanza, na ulio mgumu kuubadilisha baadaye, ni mwelekeo wa jukwaa la nje. Likielekea mashariki au magharibi, ama waigizaji ama watazamaji watapigwa na jua la jioni usoni. Mimi hupendelea kuliweka jukwaa upande wa kusini na viti upande wa kaskazini, jua lishuke ubavuni mwa wote. Sababu ya pili ni upepo. Kuanzia Juni hadi Septemba, miezi mikavu inayofaa zaidi kwa maonyesho ya nje, kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Sauti inayosafiri pamoja na upepo huinama kuelekea ardhini waliko watazamaji, ilhali inayokwenda kinyume chake hupinda juu na kuwapita waliokaa nyuma. Hata hivyo, ikiwa kilima kinashuka upande mwingine, usikichimbue chote kwa ajili ya kanuni hii. Geuza jukwaa kadiri ardhi inavyoruhusu. Ngazi za kukalia ziwe na kimo cha sentimita 40 hadi 45 na kina cha 90 hivi, ili anayepita asikanyage migongo ya watu, na safu ya mwisho isizidi mita 20 kutoka jukwaani iwapo waigizaji hawatatumia vipaza sauti. Ukuta mgumu nyuma ya jukwaa utawasaidia kuliko pazia la miti, kwa kuwa majani hayarudishi sauti.

Sakafu ya uwanja wa mazoezi inahitaji fikra zaidi kuliko inavyopewa. Saruji huunguza nyayo saa 6 mchana na huumiza magoti ya wachezaji wa ngoma za kuruka. Afadhali udongo uliochanganywa na mchanga na kushindiliwa vizuri, wenye mwinamo mdogo wa kutoa maji, chini ya kivuli cha asubuhi. Pembeni yake weka mahali pa moto. Ngoma za ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevu, na wapigaji huzikaza kwa kuzipasha kwenye moto wa makuti au nyasi kavu. Katika chuo kimoja niliona ukoka mpya umejaa madoa meusi ya duara. Wanafunzi wakakaripiwa, ingawa kosa lilikuwa la mchoro, ambao haukuwapa pa kuwashia. Duara la matofali ya kuchoma lenye kipenyo cha mita 1.5 linatosha. Usitumie mawe ya matumbawe, maana hupasuka kwa joto, na liweke kaskazini-magharibi mwa jengo, ili kusi isipeleke moshi ndani ya ukumbi.

Katika kuchagua miti, tazama kinachoanguka. Mnazi usiwe juu ya viti kamwe. Mkungu una kivuli kizuri, lakini matunda yake huwaita popo usiku, wakati ule ule wa onyesho. Mkwaju ni mti ninaouamini zaidi: matawi yake ni imara na kivuli chake hakizibi upepo, ila unataka subira. Mpingo unataka subira kubwa zaidi, lakini ni vigumu kufikiria mti unaostahili zaidi kupandwa mbele ya darasa la muziki, kwani mbao zake ndizo zinazotengenezewa klarineti na obo duniani kote. Mlangoni panda asumini na mlangilangi badala ya vitalu vya maua ya rangi. Wageni wengi hufika giza limekwisha kuingia, na harufu ndiyo bustani watakayoikuta.

Mvua za masika zipigiwe hesabu mapema. Paa la mita za mraba 1,000 likinyeshewa milimita 60 kwa siku hutoa lita 60,000 za maji, ambayo yasipoelekezwa yatashuka moja kwa moja kwenye ngazi za kukalia. Yapeleke kwenye tangi na kwenye mitaro iliyopandwa majani, inayokauka ndani ya siku 2 ili mbu wasipate pa kuzaliana.

Njia ya lori la vifaa iwe na upana wa mita 4, bila tawi lolote chini ya mita 4.5, na isikatize njia ya watazamaji. Jenereta likae mbali, nyuma ya ukuta au tuta la udongo. Safu ya vichaka haizuii mngurumo, hata ionekane nene namna gani. Watumiaji wa viti vya magurudumu wapate njia yenye mwinamo usiozidi 1 kwa 12 (kupanda mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo), inayofika safu za mbele na za kati. Taa za njiani ziwe za chini na za mwanga wa manjano, ambao hauvuti wadudu kama ule mweupe.

Miche ipandwe masika yanapoanza, mwezi Machi, na mkataba wa kazi utaje kwa maandishi nani ataimwagilia katika misimu miwili ya kwanza ya kiangazi.