Jinsi ya kumfuatilia Patrick Jennings, mfuga kondoo aliyeishia kuwa waziri mkuu wa koloni

Ukitaka kuandika maisha ya huyu jamaa anzia malishoni kwanza, bungeni utafika tu. Watu wengi wanarukia cheo, wanaandika waziri mkuu wa New South Wales (koloni ya Waingereza huko Australia) 1886 wanamaliza, halafu stori haina nyama.

Weka msingi hivi: kazaliwa Newry, Ireland, 1831, kaingia Victoria, koloni jirani, 1852 kipindi watu wanakimbilia dhahabu, akafungua duka huko huko, mji wa St Arnaud, na miaka ya 1860 akawa na shamba la kondoo la Warbreccan kule Riverina, eneo la malisho kusini mwa New South Wales, karibu na mji wa Deniliquin. Fungua ramani hapo hapo. Mto Murray ndio mpaka wa koloni hizo mbili, na Deniliquin ilitawaliwa kutoka Sydney, mji mkuu wa New South Wales, lakini Melbourne, mji mkuu wa Victoria, ndiyo iko karibu, na tangu reli ya Melbourne ilipofika Echuca, mji wa kando ya mto huo, 1864 sufu ya huko ilikuwa inateremkia upande huo, sasa fikiria unavuka mto tu unakutana na ushuru wa forodha. Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini watu wa Riverina walikuwa wanataka kujitenga na Sydney.

Halafu soma sheria ya ardhi ya 1861, ile ya John Robertson, mwanasiasa wa New South Wales. Mtu wa kawaida aliruhusiwa kuchagua ekari 40 mpaka 320 za ardhi ya serikali, pauni moja kwa ekari, analipa robo kwanza, hata kama mfugaji mkubwa kashakodi eneo hilo anachungia. Ugomvi wote wa siasa za huko umelala hapo. Na usisahau kwamba kabla ya hao wote kugombana ardhi ilikuwa na wenyewe, watu wa asili wa huko, Wiradjuri, Barapa Barapa na wengine, kwenye magazeti ya zamani hutawaona sana kwa hiyo watafute makusudi.

Magazeti yenyewe yako Trove, hifadhi ya mtandaoni, ni bure, ni ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Tafuta "P. A. Jennings" kwa miaka ya mwanzo, na "Sir Patrick Jennings" kuanzia 1880 alipopewa cheo cha heshima cha "Sir", ukitumia jina moja tu unapoteza nusu ya habari. Maandishi yamesomwa na mashine, herufi zinakosewa kosewa, we fungua picha ya ukurasa usome kwa macho yako.

Siasa sasa: aliingia baraza la juu 1867, baadaye bunge la chini, na Februari 1886 akawa waziri mkuu, Mkatoliki wa kwanza kushika nafasi hiyo pale. Serikali ilikuwa na nakisi, akaleta ushuru kwa bidhaa zinazoingia, kambi ya Henry Parkes ya biashara huria ikamkalia kooni, na ndani ya serikali yake mwenyewe haelewani na waziri wake George Dibbs, Januari 1887 akaachia. Hapa usisome upande mmoja, chukua Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, uone wapinzani walisema nini, maana tanzia za Julai 1897 alipofariki zinamsifia tu, na marehemu huwa hana baya.

Kosa la mwisho la kuchunga: usiandike "waziri mkuu wa Australia". Nchi hiyo kama shirikisho imeanza 1901, yeye alishafariki.