Kupima uchakavu wa turbo kwa vidole

Injini ya lori ikiwa imezimwa na kupoa kabisa, fungua bomba la hewa linaloingia kwenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), shika ncha ya shafti, yaani mhimili unaozunguka na mapanga yake kama ya feni, uisukume juu na chini, kisha uivute nje na kuirudisha ndani. Kucheza kidogo juu na chini ni kawaida, kwa kuwa beringi nyingi za turbo huelea kwenye oili, ambayo haina presha injini ikiwa imezimwa. Lakini shafti ikienda ndani na nje kwa kiasi kinachosikika wazi kidoleni, au mapanga yakigusa kava, turbo imechakaa. Mikwaruzo inayong'aa kwenye ncha za mapanga haidanganyi. Kipimo hiki, hata hivyo, hakigundui sili inayovujisha oili wala ufa upande wa moshi.