Paukwa mtandaoni: namna ya kuchagua jukwaa la igizo lako

Vijana wa vikundi vya sanaa huniuliza igizo lao walirushe wapi: YouTube, Zoom, WhatsApp au TikTok. Nami huwarudishia swali moja. Mtazamaji wako unataka akujibu, au unataka akutazame tu? Jibu la hapo ndilo linalochagua jukwaa. Ubora wa kamera na wingi wa wafuasi huja baadaye.

Ninaongoza kikundi cha waigizaji sita. Wanne wako hapa Tanga, mmoja Dar es Salaam, mmoja Muscat, Omani. Tuliingia mtandaoni mwaka 2020, wakati wa korona, tukidhani kazi ni kusimamisha simu mbele ya jukwaa na kubonyeza kitufe cha laivu. Igizo lilianza kama hadithi zetu zinavyoanza, kwa msimulizi kuita "Paukwa!" Ukumbini, "Pakawa!" humrudia kabla hajafunga mdomo. Usiku ule kukawa kimya. Akasubiri, akaita tena, akaendelea huku uso umemshuka. Yuko kwenye sentensi ya tatu au ya nne ndipo maandishi yalipoanza kumiminika kwenye kioo: pakawa, pakawa, pakawaaa. Watu walikuwepo na walikuwa wamejibu. Jibu lilikuwa bado liko njiani.

Tangu siku hiyo, kila programu naipima kwa paukwa. Mweke mtu mmoja mji mwingine, atumie simu yake ya kila siku na bando la kawaida, si intaneti ya ofisini. Ita, kisha hesabu kwa sauti mpaka jibu likufikie. Kwenye programu za mikutano kama Zoom na Google Meet, mtandao ukiwa mzuri, jibu hurudi kabla hujamaliza kusema moja. Kwenye laivu ya YouTube au Facebook utahesabu sekunde kadhaa, pengine zaidi ya kumi, na jibu litakuja kwa maandishi. YouTube inakuruhusu kupunguza ucheleweshaji huo kwenye mipangilio, lakini ukiupunguza sana, wenye mtandao dhaifu picha zao zitaanza kuganda. WhatsApp jibu linaweza kuja sasa hivi au kesho asubuhi. Hakuna lililo baya kati ya hayo. Ila igizo la kuchekesha lililojengwa juu ya kicheko cha watu litafia kwenye laivu, na igizo la kimya lenye picha ya kutazamwa kwa utulivu litavurugwa na chumba chenye maiki thelathini zilizo wazi.

Tuseme kipimo kimekupeleka kwenye chumba cha mikutano. Zoom ya bure inakubali watu 100 na hukata baada ya dakika 40. Google Meet ya bure nayo huchukua watu 100, na mkutano wa watu watatu au zaidi hukomea dakika 60. Usiandike igizo la dakika 55 kisha ukaomba Mungu. Sisi hugawa vipande viwili vya dakika 30, katikati tunaweka mapumziko ya chai, na linki ya kipande cha pili watu wanakuwa nayo tangu mchana.

Kwenye Zoom kuna jambo dogo linalobadilisha kila kitu. Waambie watazamaji wote wazime kamera, kisha kila mmoja achague kuficha washiriki wasio na video. Kioo chote kinabaki cha waigizaji. Muigizaji akitaka kutoka jukwaani anazima kamera, kidirisha chake kinapotea, akiiwasha, ameingia. Huo ndio mlango wenu wa nyuma ya pazia.

Halafu panga vidirisha. Kila mtu anaweza kuwa na mpangilio wake, kwa hiyo anayekaa kushoto kwako anaweza kuwa kulia kwa mwingine. Mwenyeji wa chumba avipange kwa mkono na kuwasha mpangilio wa kufuatwa na wote. Sisi tulilijua hili kwa sababu ya kikombe cha kahawa. Palikuwa na onyesho la mke aliyeko Muscat anayempa mumewe wa Tanga kahawa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono. Tulinunua vikombe viwili vinavyofanana, vyeupe vyenye mstari wa dhahabu, kimoja kikapelekwa na msafiri. Dada yetu alisogeza mkono mpaka kikombe kikapotea ukingoni mwa kidirisha chake. Kaka yetu, hesabu moja baadaye, akakitoa kwenye ukingo wa kwake. Mazoezi ya jioni tatu kwa sekunde nne za igizo. Lakini siku ile, maiki zikiwa wazi, nilisikia watu wakivuta pumzi. Kama vidirisha vingekaa kinyume, mume angepokea kahawa kutoka ukutani.

Sauti ndiyo itakayokusumbua zaidi. Programu hizi zimetengenezwa kusikia mtu anayeongea, na chochote kingine huzichukulia kama kelele. Mwaka wetu wa kwanza mpiga ngoma alipiga mpaka jasho likamtiririka, na upande wa pili watu waliona mikono tu ikipanda na kushuka. Kwenye Zoom ingia mipangilio ya sauti, tafuta sehemu ya sauti halisi ya wanamuziki, iwashe, na zima uchujaji wa kelele. Waigizaji wavae hedifoni, la sivyo sauti itazunguka na kujirudia. Na usijaribu kuimba kwa pamoja kutoka miji miwili. Ucheleweshaji ule mdogo usiousikia kwenye maongezi unavunja wimbo vipande vipande. Mmoja aimbe laivu, wengine wazime maiki na waitikie kwa midomo na mabega.

Sasa WhatsApp, jukwaa ninalolipenda na ambalo wenzangu wengi hulidharau. Watu wetu wako humo tayari. Hawahitaji kupakua kitu wala kufungua akaunti mpya, na shangazi yangu asiyeweza kuingia Zoom anatuma sauti usiku kucha. Waingereza wa kampuni ya maigizo ya Royal Shakespeare Company walishawahi mwaka 2010 kuigiza kisa cha mapenzi kwenye Twitter kwa wiki tano, wahusika wakiandika kama watu wa kawaida. Grupu la WhatsApp lina uwezo huo huo, na kwetu lina nguvu zaidi kwa sababu kila ukoo unalo lake na kila mmoja anajua ugomvi wa humo unavyowaka.

Fungua grupu (linachukua hadi watu 1,024) na uweke mpangilio kwamba maadmini peke yao ndio wanaotuma ujumbe. Waigizaji ndio maadmini, watazamaji wanasoma. Kila muigizaji abadilishe jina na picha ya wasifu kuwa za mhusika. Igizo letu la mirathi ya nyumba lilikwenda usiku tano, kuanzia saa tatu. Kaka mkubwa anaandika, anafuta. Dada anatuma sauti ya dakika moja na nusu akilia. Kisha juu ya kioo inatokea kwamba mama anaandika… na haitoki kitu. Anaandika tena. Kimya. Ukumbini ningehitaji taa na ngoma kupata mshtuko wa namna ile.

Lakini sikiliza jambo hili kwa makini: ndani ya grupu kila mtu anaziona namba za wengine. Wasichana wawili walioingia kututazama walianza kupigiwa simu na wanaume wasiowajua, na aibu ile ilikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaalika. Kama hadhira yako si watu wanaofahamiana, tumia chaneli ya WhatsApp, ambako wafuasi hawaoni namba za wenzao. Utapoteza lile "anaandika" na utapoteza majibu ya sauti. Mimi nimekubali hasara hiyo.

YouTube nitasema kwa ufupi kwa sababu yenyewe ni rahisi ukishajua masharti. Laivu ya kwenye simu inadai uwe na wafuasi wasiopungua 50. Ukiwasha laivu kwa mara ya kwanza, akaunti inaweza kuchukua mpaka saa 24 kukubaliwa, kwa hiyo usifanye hivyo siku ya onyesho. Ukiwa na laptopu na programu ya bure ya OBS, utaunganisha kamera mbili na kuandika majina ya wahusika chini ya picha. Usipige wimbo wa msanii mwingine hata kwa nyuma. Mfumo wa YouTube unautambua na unaweza kuizuia video. Tunga wako. Na ukipanga kurusha maigizo kila wiki kama kituo, ukiwa Tanzania, ulizia TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, mapema kuhusu leseni ya maudhui ya mtandaoni. TikTok na Instagram mimi nazitumia kubandika kionjo cha sekunde 40. Igizo zima pale halikai, kwa sababu mtu amezoea kupitisha kidole.

Kabla hujaamua, piga hesabu ya bando la mtazamaji, si lako. Picha inayotumia megabiti moja kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64, ni kama MB 29. Mtu anayenunua bando la siku hawezi kukulipa tiketi kisha akununulie na MB. Nikishaona hivyo huwa narudi kwenye mchezo wa sauti, kama ile michezo ya redio tuliyokua nayo, na sijawahi kujuta. Kwa walio mbali angalia pia sheria za huko: Falme za Kiarabu, kwa mfano, zimezuia simu za WhatsApp kwa miaka mingi, ingawa ujumbe na sauti zilizorekodiwa zinapita. Angalia saa vilevile. Saa mbili usiku ya Tanga ni saa tatu Muscat, na Minneapolis, Marekani, ni saa tano asubuhi au saa sita mchana kutegemea majira. Kwa hiyo sisi huonyesha Jumamosi.

Tiketi tunauza kwa M-Pesa. Mtu akituma pesa anatumiwa linki, na jina lake linaandikwa daftarini. Usiku wa onyesho weka bawabu, mtu asiyeigiza na asiye na kazi nyingine. Yeye ndiye anayewafungulia watu kutoka chumba cha kusubiria huku akilinganisha majina na daftari, anayezima maiki ya nyumba yenye mtoto analia, na anayeshika simu ya pili yenye laini ya mtandao mwingine, imejaa chaji, tayari kuendeleza chumba umeme ukikatika.

Na igizo likiisha, mwambie bawabu asifunge. Waache watu wafungue maiki na kamera kwa dakika zilizobaki. Usiku wa kikombe, shangazi yangu wa Chumbageni, aliyesaidiwa kuingia na mjukuu wake, alimwita yule dada wa Muscat akamuuliza, "Mwanangu, kahawa hiyo umetia tangawizi?" Dada akasema ametia. Wakaendelea kuongea, yeye na kikombe chake mkononi, mpaka dakika zetu zikakatika.