Nani Alimuua Mfalme Filipo? Somo la Kupima Vyanzo vya Kale

Chukua karatasi, uipige mstari katikati kutoka juu hadi chini. Kushoto utaandika yaliyotendeka mbele ya macho ya watu. Kulia utaandika yaliyokuwa moyoni mwa mtu. Usiitupe, tutaijaza pamoja.

Kesi yetu ni ya Filipo wa Pili, mfalme wa Makedonia na baba yake Aleksanda Mkuu. Aliuawa mwaka 336 KK mjini Aegae, kwenye sherehe za harusi ya binti yake Kleopatra. Aliyemchoma ni Pausanias, mmoja wa walinzi wake. Hayo hayabishaniwi. Ubishi unaanza ukiuliza kama alitumwa, na nani.

Hatua ya kwanza: kila msimuliaji alijuaje?

Waliosoma madrasa wataielewa hatua hii upesi, maana wameizoea isnadi: fulani kapokea kwa fulani, aliyepokea kwa fulani. Fanya hivyo hapa.

Aristotle aliishi wakati huohuo. Baba yake alikuwa tabibu wa baba yake Filipo, na yeye mwenyewe alimfundisha Aleksanda. Katika kitabu chake cha Siasa anaitaja habari hii kwa sentensi moja tu: Pausanias alimshambulia Filipo kwa sababu mfalme alinyamaza Pausanias alipodhalilishwa na watu wa Attalus, jemadari wa Filipo.

Diodorus wa Sicily ndiye mwenye simulizi ndefu kuliko wote, lakini aliandika karibu miaka 300 baadaye. Justin yuko mbali zaidi, na tena kazi yake ni muhtasari wa kitabu cha mtu mwingine, Pompeius Trogus, ambacho chenyewe kimepotea. Plutarch aliandika mnamo mwaka 100 BK, na Arrian akafuata katika karne ya 2.

Umbali peke yake haumfanyi mtu mwongo. Diodorus alikuwa na vitabu vya zamani ambavyo sisi hatunavyo. Ila kadiri mnyororo unavyorefuka ndivyo unavyopaswa kuuliza kila pete imetoka wapi.

Hatua ya pili: tenga tendo na nia

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, kwa hiyo tukae kidogo. Soma Diodorus ukiwa na ile karatasi mkononi. Watu wamejaa kwenye ukumbi wa michezo tangu kabla ya mapambazuko. Sanamu za miungu 12 zinapitishwa, na ya 13 ni ya Filipo mwenyewe. Mfalme anaingia na joho jeupe, amewaamuru walinzi wakae mbali ili Wagiriki waone kwamba haogopi mtu. Pausanias anamkimbilia, anamchoma mbavuni, kisha anakimbilia langoni kwenye farasi waliotayarishwa. Kiatu chake kinanasa kwenye mzabibu, anaanguka. Leonnatus, Perdiccas na Attalus (si yule adui yake, ni mwingine wa jina hilo) wanamfikia na kumuua kwa mikuki.

Yote hayo yanakwenda kushoto, kwa kuwa maelfu ya watu walikuwepo. Angalia neno moja tu: *farasi*. Si farasi mmoja, ni wengi. Wapo wanahistoria wanaoona hapo dalili ya wenzake waliokuwa wakimngoja. Mimi naliweka kushoto lakini kwa penseli, maana wingi wa neno moja ni uzi mwembamba mno wa kuning'inizia njama nzima.

Kulia andika haya, maana ndiyo yanayotolewa kueleza nia ya muuaji: kwamba Attalus alimlewesha Pausanias kwenye karamu na kumtoa kwa watumishi wa nyumbu wamnajisi; kwamba Filipo alimpoza kwa zawadi na cheo badala ya kumtendea haki, kwa sababu Attalus alikuwa mkwewe na jemadari aliyemhitaji; kwamba kinyongo kikahamia kwa mfalme. Hapo Diodorus anakubaliana na Aristotle, na kukubaliana na mtu wa zama zile kuna uzito mkubwa.

Hatua ya tatu: pima miaka

Diodorus anauanzisha ugomvi huo kwenye vita vya Filipo na Waillyria, majirani wa Makedonia. Ikiwa ni vile vya mwaka 344 KK hivi, Pausanias alikaa na kisasi miaka 8. Lakini Attalus alipata nguvu kubwa baada ya Filipo kumwoa binti wa ukoo wake, mwaka 337 KK. Tarehe hizo mbili zinavutana. Ziandike zote, usimsaidie mwandishi kwa kuficha moja.

Hatua ya nne: simulizi inamfaa nani?

Aleksanda aliwaua ndugu wawili wa Lyncestis, eneo la Makedonia, kwa kosa la kushiriki. Baada ya vita vya Issus, Arrian anasema, alimwandikia Dario, mfalme wa Waajemi, akiwatwika Waajemi damu ya baba yake. Barua hiyo ni ya mtu anayetafuta sababu ya kuendelea kupigana, isome hivyo.

Maswali ya wanafunzi

*Shikamoo mwalimu. Kama Aristotle alimfundisha Aleksanda, hakuwa na sababu ya kumkinga?*

Marahaba. Alikuwa nayo, na habari ya muuaji wa peke yake inamwosha Aleksanda kweli. Lakini tazama upande wa pili: Aleksanda mwenyewe alitangaza njama, mara ya Lyncestis, mara ya Waajemi. Aristotle hairudii hata moja kati ya hizo. Mtu anayesema tofauti na kasri lililomlea anastahili kusikilizwa.

*Justin anasema Olympias, mke wa Filipo, alimvisha muuaji taji la dhahabu akiwa bado anang'inia msalabani. Tumtupe Justin kabisa?*

Usimtupe mzimamzima, mpime sentensi kwa sentensi. Anaposema Filipo alitembea bila walinzi, anapatana na Diodorus, hilo lichukue. Taji ni jambo jingine. Ufalme wa Aleksanda ulikuwa bado unatikisika. Angemwacha mama yake amtukuze hadharani muuaji wa baba yake? Plutarch naye anakiri kwamba lawama nyingi ziliangukia Olympias, lakini anachotuletea ni maneno ya watu, si ushahidi.

*Akiolojia haiwezi kumaliza ubishi?*

Inasaidia upande wa kushoto wa karatasi. Aegae ni Vergina ya leo, kaskazini mwa Ugiriki, na ukumbi wa michezo ulifukuliwa huko mwaka 1982, chini kidogo ya kasri. Makaburi ya kifalme aliyoyagundua Manolis Andronikos mwaka 1977 bado yanabishaniwa ni ya nani. Mawe hayatakwambia Pausanias aliwaza nini.

*Wewe binafsi unaamini lipi?*

Naamini kinyongo kilikuwa chake mwenyewe. Attalus alikuwa amekwisha kutumwa Asia na jeshi, mkono wa Pausanias haukumfikia. Aliyebaki karibu ni mfalme aliyemnyima haki. Kama kuna aliyemchochea, nani angetuambia? Angekuwa Pausanias mwenyewe, na mikuki mitatu ilimwahi kwenye ule mzabibu kabla hajaulizwa neno.