Kumuuguza mwenzio baada ya kemo: homa kwanza, mengine baadaye

Mwongozo huu ni wa anayemuuguza mume au mke nyumbani, kati ya dozi moja ya kemo (dawa kali za saratani) na nyingine. Kuogesha na kutandika unajua mwenyewe. Haya ni yale yanayokosewa.

Hatua ya 1: Daftari

Andika tarehe ya kila dripu, joto, alichokunywa, choo, na dawa na saa yake. Karatasi, si simu. Simu huisha chaji usiku uleule unapoihitaji.

Hatua ya 2: Joto la mwili

Kemo hugonga seli zinazogawanyika upesi, zikiwemo zile za uboho zinazotengeneza chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Kwa dawa nyingi chembe hizo hufika chini zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Siku hizo kidonda chaweza kisitunge usaha na kifua kisikohoe, ilhali maambukizi yamo. Mara nyingi homa ndiyo dalili pekee utakayoiona.

Nunua kipimajoto cha kidijitali. Kiganja usikiamini, Februari ya Mombasa kila paji la uso ni moto. Pima asubuhi, jioni, na kila akisema anasikia baridi. Weka chini ya ulimi, dakika 15 baada ya chai au maji baridi. Akiwa na vidonda mdomoni, pima kwapani: futa jasho kwanza kwa sababu hupoza ngozi, kisha abane mkono hadi kilie. Kwapani husoma chini kidogo, kwa hiyo 37.5 ya hapo usiipuuze, rudia baada ya nusu saa. Njia ya haja kubwa usiiguse kabisa, mkwaruzo hapo huwapa bakteria mlango.

Ikifika 38, au akitetemeka hata kama namba ni ndogo, ondokeni kwenda hospitali. Watu hukosea hapa mara mbili. Kwanza ni parasetamoli: namba inashuka, mgonjwa analala, maambukizi yanaendelea kwenye damu. Usimpe kabla ya kuongea na timu yake. Pili ni malaria. Pwani kila homa huitwa malaria, na duka la dawa liko pale kona, basi watu hununua dawa na kubaki nyumbani. Hata kipimo cha malaria kikitoka chanya, hesabu ya chembe za damu inatakiwa hospitalini usiku huohuo.

Ukifika Coast General au hospitali yoyote, usikae foleni kimya. Sema: "Yuko kwenye kemo, dozi ya mwisho tarehe fulani, homa 38.4." Antibayotiki ya mshipa inatakiwa ianze ndani ya saa moja. Mkoba ukae tayari mlangoni: daftari, kadi ya kliniki, kitambulisho, leso, nauli. Weka namba ya dereva wa tuktuk anayeitika usiku. Mkiwa Likoni, hesabuni na muda wa feri, wala msingoje kupambazuke.

Hatua ya 3: Mdomo

Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bekingi soda. Si magadi, si bekingi pauda. Asukutue kila baada ya kula na kabla ya kulala, ateme. Tengeneza mapya kila siku. Mswaki uwe laini. Achari, pilipili, ukwaju na ndimu zingoje vidonda vipone.

Hatua ya 4: Kichefuchefu

Dawa apewe kwa saa zilizoandikwa, kabla hajatapika. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, hufunga choo, kwa hiyo maji na papai tangu siku ya kwanza. Papai lioshwe na limenywe nyumbani, si lile la kukatwa barabarani. Harufu ya kitunguu kikikaangwa ndiyo humchafua roho, basi pika akiwa barazani. Mahamri yaliyopoa bila mbaazi hukaa tumboni kuliko pilau ya moto.

Hatua ya 5: Kuhara

Mpe chumvichumvi za paketi za ORS kidogo kidogo, kwa maji yaliyochemshwa, hata ya mkokoteni yakionekana safi. Dafu lina potasiamu nyingi, kwa hiyo figo zikiwa na shida uliza kwanza. Akienda choo mara 4 zaidi ya kawaida yake kwa siku (kwa mfano 5 badala ya 1), piga simu kliniki.

Hatua ya 6: Uchafu

Kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo, choo na matapishi hubeba dawa. Vaa glavu, funika choo kabla ya kuflashi, na shuka lililochafuka lifuliwe peke yake mara mbili. Mjamzito asiliguse.