Jinsi ya kuandika sehemu moja ya komedi kuhusu waigizaji wanaohudumia shughuli

Mwigizaji ambaye hajapata jina hulipwa siku anazorekodi tu. Siku nyingine anatafuta hela kwingine, na kuhudumia shughuli kunamfaa: kazi ni usiku na wikiendi, mchana yuko huru kwenda kwenye usaili. Hapo pana komedi nzuri sana ya kazini. Sehemu ya dakika 25 hivi mimi naijenga namna hii.

Hatua ya 1: Shughuli moja, usiku mmoja

Anza vyombo vinaposhushwa kwenye gari, maliza vinapopakiwa. Wamarekani walioandika Party Down, komedi ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2009, walishika kanuni hiyo: timu ileile ya wahudumu Los Angeles, kila sehemu sherehe nyingine. Bajeti nayo inapona.

Mimi napenda sendofu, yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi, ya Dar es Salaam, kwa sababu ratiba ya MC tayari ni uti wa mgongo wa skripti: bibi harusi mtarajiwa anaingia, utambulisho, keki, shampeni, chakula, zawadi. Iandike upande wa kushoto wa karatasi. Kulia andika kinachoharibika jikoni wakati huohuo.

Hatua ya 2: Kila mhudumu anataka nini usiku huu?

"Anataka kuwa staa" haitoshi. Ipunguze ndoto mpaka ienee ukumbini. Meza ya 4 amekaa mtayarishaji wa tamthilia. Wahudumu wawili wanagombea kuihudumia. Wa tatu aliacha kuigiza zamani na anaomba usiku upite bila kutambuliwa. Msimamizi wao haigizi kabisa, anataka kamati iridhike imalizie malipo. Huyu msimamizi usimfanye kikaragosi. Akikosa hela ile, wote wanarudi nyumbani mikono mitupu, na mtazamaji anatakiwa alijue hilo mapema.

Hatua ya 3: Mpe sinia, mnyime nafasi ya kujibu

Hapa ndipo penye utamu, kaa hapa kwa muda. Mhudumu akiwa na sinia mkononi hana ruhusa ya kubishana, kununa wala kuondoka. Katika Party Down, mhudumu Henry anajulikana kwa maneno aliyosema kwenye tangazo la bia, na wageni hawamwachi bila kumtaka ayarudie. Kwetu ningemchukua yule mhudumu wa tatu, niandike hivi:

MGENI: Wewe! Si ndiwe uliyemfukuza mama yako mzazi kwenye tamthilia?
MHUDUMU: Shikamoo mama. Karibu sambusa.
MGENI: Marahaba. Yaani nilikuchukia, mwanangu! Hebu mfukuze huyu shoga yangu, tuone.
MHUDUMU: Kuna za nyama na za mboga, mama.
SHOGA: Nifukuze, baba, usiogope.

Msimamizi anamtazama kutoka mlangoni. Sinia bado limejaa, meza saba hazijaonja kitu. Hakuna aliyetukanwa, akina mama wale wanampenda kwa dhati, na upendo huo ndio unaomchoma. Mgeni mkorofi ni rahisi kumwandika. Mgeni mwema anayeumiza bila kujua ana faida zaidi, kwa hiyo mtafute huyo.

Hatua ya 4: Mbele na nyuma

Ukumbini, adabu na sentensi fupi. Nyuma ya pazia la jikoni, kila mtu anasema alichomeza. Badilisha pande hizo mara kwa mara, na sini ya nyuma isizidi ukurasa mmoja na nusu.

Hatua ya 5: Chakula kigombane na ndoto

Kadi za dabo, za watu wawili, zimekuja na watu watatu watatu. Msimamizi anasimama kwenye bafe kugawa nyama mwenyewe, na sufuria la pili la wali liko kwenye foleni barabarani. MC ameishiwa maneno. Hapo yule aliyekuwa akijificha anaweka sinia chini, anachukua kipaza sauti na kuifanya sini ile ya kufukuza mama, yote, mpaka wali unaingia mlangoni.

Muache aifanye vizuri kwelikweli. Hadhira yetu ikimwona ana kipaji, itaelewa alichokiacha. Ila mtayarishaji wa meza ya 4 asimpe kazi papo hapo: sehemu ijayo inamhitaji akiwa na sare. Ukumbi umpigie makofi, kisha msimamizi amwonyeshe meza ambazo hazijapata maji.

Hatua ya 6: Soma kwa sauti, sinia mkononi

Kwa kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, ingawa komedi hukimbia kidogo. Waite waigizaji wako wasome wakiwa wamesimama, kila mmoja na sinia lenye glasi zilizojaa maji. Maneno yakiwa marefu, mkono utaanza kutetemeka kabla sentensi haijaisha. Weka alama hapo, kata, kisha wasome tena.